Diski za gofu kwa wachezaji wanaoanza

Diski za gofu kwa wachezaji wanaoanza ni visahani vya plastiki vinavyotumika katika mchezo wa gofu ya diski na vinavyomfaa mtu ambaye bado hawezi kurusha kwa kasi kubwa. Makala hii inahusu hasa mchezaji mwenye umbo dogo au nguvu ndogo ya mkono: mtoto, kijana, mzee, wanawake wengi wanaoanza, na mtu anayerudi michezoni baada ya kuumia bega.

Kwa mchezaji wa namna hiyo, jambo la kwanza ni kupata diski inayolingana na kasi ya mkono wake. Diski iliyoundwa kwa ajili ya mkono wenye nguvu, ikirushwa polepole, huanguka mapema tena upande usiotakiwa. Diski nyepesi ya mwendo mdogo, ikirushwa na mkono uleule, mara nyingi huenda mbali zaidi na kunyooka zaidi.

## Mchezo na chanzo cha diski zake

Gofu ya diski hufuata wazo la gofu ya kawaida. Mchezaji huanzia mahali palipowekwa alama na kujaribu kufikisha diski kwenye shabaha kwa mitupo michache iwezekanavyo. Shabaha ni kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti, na juu yake kuna minyororo inayonasa diski. Viwanja vingi huwa na vikapu 9 au 18. Wachezaji huviita "mashimo", ingawa hakuna shimo lolote ardhini.

Mmarekani Ed Headrick (1924–2002) ndiye anayetajwa kuwa baba wa mchezo huu. Alifanya kazi katika kampuni ya Wham-O, ambako aliboresha kisahani kinachojulikana kama Frisbee. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa kwa usanifu wake katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California, na mwaka 1976 aliunda chama cha wachezaji, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachoidhinisha diski za mashindano.

Wachezaji wa mwanzo walitumia visahani vya kawaida vyenye ukingo mnene wa mviringo. Mwaka 1983 Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Innova, alileta diski yenye ukingo uliochongwa kama kabari. Diski hiyo ilikata hewa vizuri na kwenda mbali kuliko zile za zamani. Lakini kadiri ukingo ulivyozidi kuwa mwembamba na mpana, ndivyo diski ilivyohitaji kasi kubwa zaidi ili iruke inavyotakiwa. Tatizo la mchezaji anayeanza lina mzizi wake hapo: diski zinazosifiwa sana madukani ziliundwa kwa mikono ambayo yeye bado hana.

## Jinsi diski inavyoruka

Diski angani huinuliwa na hewa inayopita juu na chini yake, na huzuiwa isipinduke na mzunguko wake yenyewe, kama vile pia inavyobaki wima wakati inazunguka.

Tuchukue mchezaji anayetumia mkono wa kulia, akianza na mkono mbele ya kifua na kuufungua kuelekea nje. Diski yake huzunguka kama mishale ya saa ikitazamwa kutoka juu. Ikiwa na kasi kubwa, nguvu ya hewa husukuma ukingo wa mbele ushuke. Kwa sababu diski inazunguka, msukumo huo hujitokeza kama kuinamia upande wa kulia. Kasi inapopungua, msukumo hubadilika na diski huinamia kushoto hadi kutua. Kwa mtu wa mkono wa kushoto pande hizo hubadilishana.

Kwa hiyo kila diski ina hatua mbili: kugeuka ikiwa na kasi, na kurudi ikiwa imepoa. Mtu anayerusha polepole huikosa hatua ya kwanza. Diski yake hutoka mkononi ikiwa tayari katika hali ya kupoa, na huanza kupinda kushoto papo hapo. Anayeiona hudhani amekosea kulenga, kumbe diski haikupata kasi iliyokusudiwa na waundaji wake.

## Namba nne

Kampuni nyingi huandika namba nne juu ya diski, kwa mfumo ulioenezwa na Innova:

* Kasi (1 hadi 14 au zaidi): kasi ambayo diski inahitaji ili iruke ilivyoundwa.
* Kuelea (1 hadi 7): uwezo wa diski kubaki hewani.
* Kugeuka (+1 hadi -5): kiasi cha kwenda kulia mwanzoni mwa safari. Hasi kubwa ina maana ya kugeuka zaidi.
* Kurudi (0 hadi 5): kiasi cha kupinda kushoto mwishoni.

Namba ya kwanza ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu huiona 12 akafikiri diski hiyo itampa kasi, kama anayenunua pikipiki yenye injini kubwa. Diski haina injini. Namba hiyo ni deni: inamwambia mchezaji kasi anayotakiwa kuitoa mwenyewe.

Kwa mchezaji mwenye nguvu ndogo, namba zinazofaa kwa jumla ni kasi isiyozidi 7, kuelea 4 au zaidi kwa diski za kurusha mbali, kugeuka kati ya -1 na -3, na kurudi 0 au 1. Kugeuka kwa hasi humsaidia kwa kuwa hufidia kasi anayokosa. Diski ambayo mkononi mwa mtu mwenye nguvu ingekimbilia kulia na kuanguka, kwake huenda karibu moja kwa moja.

## Uzito

Kanuni za PDGA huruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana wa diski. Diski yenye upana wa sentimita 21.2 haiwezi basi kuzidi gramu 176 hivi. Diski nyingi za madukani zina gramu 165 hadi 175, na uzito huandikwa nyuma ya diski.

Mkono mdogo huweza kuipa diski nyepesi kasi na mzunguko zaidi kuliko diski nzito ya umbo lilelile. Kwa diski za kurusha mbali, gramu 140 hadi 160 humfaa mtoto au mtu mzima mwenye umbo dogo. Kwa diski za kulengea kikapu karibu, wepesi hauna faida kubwa, na gramu 160 hadi 170 huleta utulivu. Hasara ya diski nyepesi ni upepo, kwani huyumbishwa kwa urahisi zaidi.

## Ukingo na kiganja

Diski za kasi kubwa zina ukingo unaozidi sentimita 2 kwa upana. Vidole vifupi haviwezi kuuzunguka na kuubana vizuri, hivyo diski huteleza kabla ya wakati wake. Diski za kasi ndogo zina ukingo mwembamba unaoshikika kwa urahisi. Upande mwingine, baadhi ya diski za kulenga zina kina kirefu kinachojaza kiganja kidogo kupita kiasi. Ni vema kushika diski kabla ya kuinunua: vidole vikifika ndani ya ukingo na gumba likikaa juu bila kujinyoosha, diski inafaa.

## Plastiki

Diski hiyohiyo hutengenezwa kwa plastiki za aina mbalimbali. Plastiki ya bei nafuu hushikika vizuri lakini huchubuka ikigonga miti, na kadiri inavyochakaa diski huzidi kugeuka kulia. Plastiki ya bei kubwa hudumu muda mrefu, na mara nyingi diski mpya ya aina hiyo hupinda kushoto zaidi. Kwa anayeanza, ile ya bei nafuu kwa kawaida ni bora: hupunguza gharama, na uchakavu wake humsaidia kwa muda.

## Diski tatu za kuanzia

Diski tatu zinatosha kucheza uwanja mzima:

* Diski ya kulenga, kwa mitupo ya karibu na kikapu. Mifano ni Aviar ya Innova (2, 3, 0, 1) na Judge ya Dynamic Discs (2, 4, 0, 1).
* Diski ya masafa ya kati. Mifano ni Buzzz ya Discraft (5, 4, -1, 1) na Stingray ya Innova (4, 5, -3, 1). Ya pili humfaa zaidi mwenye mkono wa polepole.
* Diski ya kurusha mbali yenye kasi ya wastani. Leopard ya Innova (6, 5, -2, 1) hutumika sana kwa wanaoanza. Diamond ya Latitude 64 ya Uswidi (8, 6, -3, 1) imepita kidogo kiwango cha kasi kilichotajwa, lakini hutengenezwa kwa uzito mdogo na hugeuka kwa urahisi.

Kwa kulinganisha, Destroyer ya Innova (12, 5, -1, 3) hupendwa na wachezaji wa kulipwa. Mtu ambaye mitupo yake huishia mita 50 akiirusha, kwa kawaida haipiti Leopard yake, na hutua mbali upande wa kushoto.

Mwenye fedha za diski moja tu anunue diski ya kulenga au ya masafa ya kati. Diski hizo hazifichi makosa ya mkono, hivyo humfundisha mchezaji haraka.

## Kujaribu na kupanda daraja

Jaribio zuri hufanyika katika uwanja wazi usio na watu mbele. Mchezaji hurusha kila diski mara kumi kutoka sehemu moja, kisha huhesabu hatua hadi pale ilipotua mitupo mingi, bila kujali ule mmoja uliokwenda mbali kwa bahati.

* Ikiwa diski hupinda kushoto mara inapotoka mkononi, ina kasi au namba ya kurudi iliyomzidi mchezaji, au ni nzito mno.
* Ikiwa hupanda juu, husimama na kuanguka, ukingo wa mbele umeinuliwa wakati wa kurusha. Kosa hili ni la kawaida na haliponywi na diski mpya.
* Ikiwa hugeuka kulia na kuendelea hadi chini bila kurudi, mkono umepata kasi. Huo ndio wakati wa kufikiria diski isiyogeuka sana.

Wengine hujaribu kuilazimisha diski ya kasi kubwa kwa kuongeza nguvu za bega. Njia hiyo huharibu mtupo, na huweza kuumiza bega au kiwiko. Kasi hutokana zaidi na mpangilio wa miguu, kiuno na mkono kufuatana kwa wakati wake.

## Upepo na mwinuko

Upepo wa mbele huongeza kasi ya hewa inayoikuta diski, hivyo diski hugeuka zaidi. Upepo wa nyuma hufanya kinyume. Siku ya upepo wa mbele, mwenye diski nyepesi hunufaika kwa kutumia iliyo nzito kidogo na kurusha chini.

Mahali pa juu hewa ni nyembamba. Diski huinuliwa kidogo, haigeuki sana, na hurudi mapema. Hali hii inajulikana kwa wachezaji wa Denver, Marekani, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Nairobi iko juu zaidi ya hapo, na anayerusha huko atahitaji diski inayogeuka zaidi kuliko anayerusha pwani kwa nguvu zilezile.