Ua Lisilojulikana Bustanini

Mkikuta bustanini mmea msioujua, msiung'oe upesi, kwanza utazameni. Lishikeni shina. Likiwa na pembe nne, na majani yameota mawili mawili yakielekeana, huenda mmea huo ni wa jamaa ya mrihani. Tena kama nchani pana vichwa vya maua madogo ya zambarau, yumkini ni ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense.

Ua hili la Katanga hustahimili udongo wenye shaba nyingi, ambamo mimea mingi hufa. Huota hata penye masalio ya tanuri za kale, ambamo wazee wetu waliyeyusha shaba wakafanya misalaba ya biashara. Huota pia penye udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda cha Lubumbashi, kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911.

Ua peke yake si ushahidi kamili, lakini ni onyo, kwa maana madini ya udongo yaweza kuingia katika mboga. Basi pelekeni udongo kidogo kwa wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ili waupime. Mkingoja jibu, pandeni lengalenga mahali pengine, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Kulitambua ua ni kuilinda jamaa.