Beleshi la Mbele la Trekta: Lifunguliwe au Liachwe?

Katika nchi ya mahindi na ngano, tangu Njoro hata Kitale, wako wakulima ambao trekta zao zina mikono miwili ya chuma upande wa mbele, na mwisho wa mikono hiyo beleshi kubwa la kuzolea samadi, mchanga au mawe. Wengine waliinunua trekta ikiwa na beleshi tayari. Wengine walilifunga baadaye kwa gharama kubwa. Nyakati za kulima zinapowadia, swali moja huwajia wote: je, beleshi lifunguliwe na kuwekwa kando, au liachwe pale pale mwaka mzima?

Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo kwa mtu mwenye trekta moja tu. Akiamua vibaya aweza kupoteza siku za kupanda, au kuvunja ekseli ya mbele, au, jambo lililo baya kupita yote, kumpoteza dereva wake. Kwa hiyo yatupasa kulipima jambo hili kwa hesabu, wala si kwa uvivu wa kufungua bolti, wala kwa fahari ya kuonekana barabarani na mtambo mkubwa.

Faida yake

Tuanze kwa kulitendea beleshi haki yake. Zamani samadi ilipakiwa kwa mikono ya watu, na kazi hiyo ilichosha na kula siku nyingi. Mwaka 1949 Mwingereza Joseph Cyril Bamford, mwenye kuanzisha kampuni ya JCB, alitengeneza beleshi la kufungwa mbele ya trekta za Fordson Major, lililoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Namna yake ya kufanya kazi haijabadilika sana hata leo: injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa nguvu nyingi katika silinda, na silinda huinua mikono. Dereva husogeza kishikio kimoja tu.

Sasa tutazame hesabu. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anayefugwa zizini aweza kutoa kilo 25 au zaidi za samadi mbichi kwa siku. Mwenye ng'ombe 10 hupata kilo 250 kila siku, yaani zaidi ya tani 90 kwa mwaka. Ijapokuwa samadi ikikauka hupungua uzito, bado ni mlima. Trela ya tani 3 hujazwa kwa mabeleshi 10 ya kilo 300, na dereva aliyezoea huimaliza kabla ya watu wawili wenye mabeleshi ya mkono kupata nusu yake. Mtu wa namna hii asiambiwe kwamba beleshi ni mapambo.

Gharama yake

Lakini kila chombo kina siku zake. Siku ambayo beleshi haliinui kitu, lenyewe ni mzigo. Tuchukue kwa mfano Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ambayo bado yajulikana sana kwa wakulima wa nchi hii. Uzito wake ni karibu tani moja na nusu. Beleshi la trekta ya kadiri hiyo, pamoja na mikono na fremu yake, laweza kufikia kilo 400, yaani zaidi ya magunia manne ya mahindi ya kilo 90. Ni zaidi ya robo ya uzito wa trekta yenyewe, na sehemu kubwa ya uzito huo yakaa juu ya ekseli ya mbele, ambayo ndiyo nyembamba kuliko ya nyuma.

Uzito huo hufanya nini? Magurudumu ya mbele huzama katika udongo mbichi na kuushindilia. Beringi na viungo vya usukani huchakaa upesi. Usukani usio na msaada wa mafuta huwa mzito, hata dereva huchoka kabla ya adhuhuri. Tena mikono ya chuma humzuia kuona magurudumu ya mbele na mstari anaoufuata; na katika kupanda au kupalilia, kukosa mstari ni kung'oa mahindi.

Wengi hudhani kwamba hasara kubwa ni ya muda, kwa kuwa beleshi huirefusha trekta kwa mita moja au zaidi, na kugeuka mwishoni mwa shamba kwahitaji nafasi. Hebu tuhesabu. Plau ya diski tatu hukata upana wa karibu sentimita 90. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Basi ili kulima ekari moja, trekta hutembea karibu mita 4,500. Katika shamba lenye urefu wa mita 200, hiyo ni mizunguko 22 au 23 tu. Kama kila mzunguko unachelewa kwa sekunde 10, ekari 30 zitapoteza kama saa 2. Si hasara ya kumnyima mtu usingizi.

Lakini mkulima yule yule akienda kumlimia jirani kwa malipo, mambo hubadilika. Shamba la jirani lina urefu wa mita 50, na pande zote lina ua. Hapo ekari moja ina mizunguko 90, na sekunde zile 10 huwa dakika 15 kwa kila ekari. Ekari 20 za namna hiyo ni saa 5 zilizopotea, mbali na nguzo zilizogongwa na ugomvi uliofuata. Na tusisahau mwendo wenyewe: kulima ekari 30 kwa plau hiyo ni kutembea kilomita 135, mwendo unaokaribia ule wa kutoka Nakuru hata Eldoret, huku magunia manne na zaidi yamepakiwa puani mwa trekta bila faida yo yote. Na haro bado haijaanza.

Wako wasemao kwamba uzito wa mbele ni mzuri, kwa sababu plau nzito ikiinuliwa nyuma, pua ya trekta huwa nyepesi. Neno hili lina kweli ndani yake. Trekta inayovuta mzigo mzito mlimani huhitaji uzito mbele ili isiinuke na kumwangukia dereva. Lakini kazi hiyo hufanywa vizuri na vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele ya boneti. Vyuma hivyo havizuii macho, havigongi ua, wala hakuna awezaye kuviinua juu kwa bahati mbaya.

Hatari yake

Hapa ndipo penye neno kubwa kuliko yote. Mzigo uliomo katika beleshi uko mbele ya ekseli ya mbele. Kama mtoto mmoja akaliapo upande wa pembea yule wa pili huinuka, ndivyo mzigo wa mbele unavyopunguza uzito wa magurudumu ya nyuma. Na trekta nyingi za zamani zina breki katika magurudumu ya nyuma tu. Dereva ateremkaye mlima na beleshi limejaa aweza kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, na magurudumu mepesi ya nyuma yakateleza tu juu ya majani.

Tena beleshi likiinuliwa juu, uzito wote hupanda juu pamoja nalo. Ekseli ya mbele ya trekta nyingi hucheza juu ya pini moja katikati, kwa hiyo haisaidii kuizuia trekta isilale mpaka imekwisha kuinama. Gurudumu moja likiingia shimoni, au dereva akikata kona kwa haraka, trekta hulala ubavu. Kwa sababu hiyo beleshi lenye mzigo libebwe chini karibu na ardhi, mwendo uwe wa polepole, na nyuma ya trekta pafungwe uzito, kama vile sanduku la saruji au mawe lililoshikwa na mikono ya kuinulia plau. Kamwe mtu asipandishwe ndani ya beleshi, hata kama ni kwa kukata tawi moja tu la mti. Na trekta inaposimama, beleshi lishushwe mpaka liguse ardhi.

Namna ya kuamua

Mwenye trekta ajiulize maswali matatu. La kwanza: beleshi hufanya kazi siku ngapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike katika daftari kila siku ambayo beleshi limeinua kitu chenye faida. Baada ya mwaka mmoja daftari litasema kweli, hata kama mwenyewe hapendi kuisikia.

La pili: limefungwa namna gani? Mabeleshi mengi ya siku hizi yana miguu yake ya kusimamia, na dereva mmoja aliyefundishwa hulitoa kwa dakika chache. Mengi ya zamani yamefungwa kwa bolti, nayo huhitaji watu wawili au watatu, mnyororo wa kuinulia, na labda nusu ya siku.

La tatu: trekta itafanya kazi wapi, na katika mikono ya nani? Shamba la tambarare na dereva wa miaka mingi ni jambo moja. Miteremko na kijana aliyeanza juzi ni jambo jingine.

Shauri letu ni hili. Mwenye beleshi la kutolewa upesi na alitoe kila mara kazi ya shambani inapozidi siku moja, kwa maana hana udhuru. Mwenye beleshi la bolti na afanye hivyo mara mbili kwa mwaka: azoe samadi yake yote kwa mfululizo, asizoe kidogo leo na kidogo kesho, kisha alifungue kabla ya kazi za kupanda, na kulirudisha baada ya mavuno. Lakini mtu mwenye ng'ombe wengi na ekari tatu tu za kulima, ambaye kila wiki ana samadi au mchanga wa kuzoa, aliache beleshi lake mahali pake na kumlipa jirani amlimie. Huyo kufungua kila mara ni kujichosha bure. Na mtu ye yote asiliuze kwa hasira ya msimu mmoja, maana mwezi wa kuzoa samadi utarudi.

Namna ya kulifungua

Kwanza, kitabu cha mtambo kisomwe, kwa kuwa mabeleshi hayafanani. Trekta isimamishwe mahali tambarare na pagumu, si juu ya matope. Beleshi lishushwe chini, na miguu ya kusimamia ifungwe imara. Kama halina miguu, aitwe fundi mwenye mnyororo wa kuinulia. Mikono isitegemezwe kwa mawe yaliyopangwa wala kwa jeki moja. Asiwepo mtu chini ya mikono iliyoinuliwa, wala mtoto karibu.

Kisha injini izimwe, na vishikio visogezwe mbele na nyuma mara kadhaa ili nguvu ya mafuta iishe katika mipira. Jambo hili lisidharauliwe. Mafuta yanayotoka kwa nguvu katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi ya mtu na kuingia mwilini, na jeraha hilo, ijapokuwa laonekana dogo, lahitaji daktari siku ile ile, kwa sababu laweza kumpotezea mtu mkono. Anayetafuta mahali panapovuja atumie kipande cha ubao au karatasi nene, asitumie kidole.

Mipira ikiisha kufunguliwa, midomo yake yote ifunikwe, maana punje za vumbi huharibu pampu na valvu. Katika trekta nyingine mafuta ya pampu hupita kwanza katika valvu ya beleshi kabla ya kurudi kwenye tangi au kwenda kwenye mikono ya nyuma. Valvu hiyo ikiondolewa, mipira hiyo ya kupeleka na kurudisha lazima iunganishwe tena kama kitabu kinavyoagiza. Ikiachwa imezibwa, mafuta hayatakuwa na njia, na pampu yaweza kuvunjika mara tu injini inapowashwa.

Bolti na pini ziwekwe katika mkebe mmoja na kufungwa penye beleshi lenyewe. Fimbo za silinda zinazong'aa zirudishwe ndani, na sehemu iliyobaki nje ipakwe grisi isishike kutu. Upepo wa magurudumu ya mbele upimwe upya kwa kufuata kitabu, kwa kuwa mzigo umepungua. Na kama plau ni nzito, vyuma vya uzito vifungwe mbele. Mwisho, dereva aijaribu trekta polepole kabla ya kuingia shambani, maana haitakuwa ile aliyoizoea jana.

Mkulima hodari hajulikani kwa wingi wa vyombo vilivyofungwa katika trekta yake. Hujulikana kwa kuwa kila chombo kimo kazini wakati wa kazi yake, na kimepumzika salama chini ya paa wakati usio wake.