"Umebakiza Shahada Tu"

Mimi ni msichana wa Kikristo, mzaliwa wa Rabai, na kazi yangu ni kushona nguo hapa Kisauni. Nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, na isipokuwa mimi, wapangaji wote ni Waislamu. Kila nikifanya jambo la kuwapendeza, jirani zangu hunipa sifa moja ambayo bila shaka wewe msomaji umepata kuisikia, au pengine umepata kuisema mwenyewe: "Huyu ni Mwislamu kabisa, amebakiza shahada tu."

Najua kwamba maneno hayo hutolewa kwa mapenzi, na sijapata kuyajibu kwa ukali. Hata hivyo hunichoma kidogo, kwa sababu maana yake ni kwamba wema wowote nilio nao ni mali ya wengine, nami nimeuazima tu. Leo ningependa kueleza nilikoutoa.

Wako wanaodhani kuwa Ukristo wa pwani umeshuka kutoka bara kwa gari la moshi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Krapf na Rebmann walikuwa wamekwisha kufanya makao kwetu Rabai tangu 1846, na miaka miwili kabla ya hapo, Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa, aliyemsaidia alikuwa kadhi. Katika ukoo wetu wamo Wakristo na Waislamu. Kukiwa na matanga, ami yangu Mwislamu ndiye anayechinja ili watu wote wale sufuria moja, na hakuna anayeona ajabu.

Nije kwenye cherehani, maana hapo ndipo dini yangu hujaribiwa kuliko kanisani. Sifa za mafundi mnazijua. Fundi atakuahidi Alhamisi, nawe ukienda Alhamisi akuambie kesho kutwa, na kanzu ya mtoto itoke usiku wa kuamkia Idi haina vifungo. Halafu kuna mambo ya mabaki ya kitambaa. Mteja huleta mita nne, fundi akakata kwa ujanja, akabakiwa na kipande kinachotosha sketi ya mtoto, na mwenye mali hana habari. Mahali nilipojifunzia kazi, vipande hivyo viliuzwa, na sisi wanafunzi tulifundishwa kuvificha kama tulivyofundishwa kutia uzi katika sindano.

Nilipopata cherehani yangu niliamua kwamba kila kipande, hata cha upana wa vidole vitatu, kitarudi kwa mwenyewe katika mfuko uleule aliokuja nao. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alitusomesha Amri Kumi kila jioni, na ile ya nane, inayokataza wizi, aliifafanua kwa nazi: nazi ya mnazi wa jirani ikiangukia upande wetu wa ua, ilikuwa bado ni ya jirani, na sisi watoto ndio tuliotumwa kuirudisha. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alipoviona vipande vyake alifurahi sana akaniambia kwamba Kurani ina sura nzima inayowalaumu wapunjao vipimo. Nilifurahi kusikia hivyo. Ila mimi nilikuwa nimekwisha kufika hapo kwa njia ya nazi.

Mwaka 2025 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima yetu, ikawa tarehe 5 ya mwezi huohuo. Kwaresima ni siku arobaini bila kuhesabu Jumapili, na kwetu Waanglikana kila mtu hujichagulia namna ya kujinyima. Mimi nilichagua kutokula hadi jua lichwe. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawaagiza wanaofunga wanawe uso na kujipaka mafuta kichwani, ili watu wasijue. Basi sikumwambia mtu. Jirani zangu walipoona jiko langu limepoa mchana kutwa, wakasema nawastahi. Magharibi wakaniletea tambi na kaimati.

Jumapili nilipotoka kanisani nilipika, nikala uani kama kawaida. Mtoto mmoja akaniona, akapita ukumbini akitangaza kwa sauti kwamba fundi amefungua! Mama mwenye nyumba akanijia, ikanibidi kumweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Na kwenu huko, nani anayewaamsha daku?"

"Hakuna, mama. Kila mtu na chakula chake na saa yake."

"Basi wewe nitakuamsha mimi."

Akafanya hivyo kila usiku. Idi ilipita, kila mtu akarudi kwenye chai yake ya asubuhi, nami nilikuwa bado na wiki tatu mpaka Pasaka ya tarehe 20 Aprili. Saa kumi za alfajiri mlango wangu uligongwa vilevile.

Sasa nimeposwa, tena na mpwa wa mama huyohuyo. Ni kijana mwenye adabu na kazi yake, nami sitajifanya kwamba simpendi. Yeye mwenyewe asema sina haja ya kubadili dini, kwa kuwa aya ya tano ya Suratul Maida inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke mwenye staha katika watu waliopewa Kitabu. Wazee wake wanaijua aya hiyo, lakini wanataka shahada kwanza. Wazee wa kanisa langu nao wananikumbusha onyo la Paulo kwa Wakorintho juu ya kufungwa nira na asiye wa imani yako. Nimepata kujua pia kwamba, kwa rai ya wanazuoni walio wengi, mke asiye Mwislamu hamrithi mumewe Mwislamu, ingawa mume aweza kumuusia hadi thuluthi ya mali yake. Haya si mambo ya kuachiwa mapenzi peke yake.

Mama wa kijana alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe umebakiza shahada tu. Ni jambo dogo."

Nilimjibu kwa heshima: "Mama, lingekuwa dogo lisingekuwa sharti. Mnashuhudia kwamba siwapunji kitambaa. Nikitamka kwa ulimi neno ambalo moyo wangu haujalikubali, ili nipate mume tu, nitakuwa nimewapunja kitu kikubwa kuliko kitambaa."

Hakukasirika. Alisema atakwenda kuzungumza na wazee. Baba yangu naye amewapelekea salamu kwamba mlango u wazi. Kijana ameniuliza kama watoto, wakijaliwa, wataweza kwenda Rabai kwa bibi yao wakati wa Krismasi. Nimemwambia neno hilo tulimalize kwanza, mahari tutayazungumza baadaye.