Baiskeli za Ridhaa: Mbio Kongwe, Kubwa, Ndefu na za Juu

Katika soka, mchezaji wa mtaani hawezi kujiandikisha akacheza fainali na mabingwa. Katika baiskeli anaweza. Mwalimu, fundi na muuguzi hujipanga na bingwa wa dunia asubuhi moja, hupanda mlima uleule, na mwisho kila mmoja husomewa muda wake. Kwa sababu hiyo rekodi za waendeshaji wa ridhaa zina heshima ya pekee, kwani zimewekwa na watu ambao Jumatatu wanarudi kazini. Hizi hapa zinazostahili kujulikana.

Miongoni mwa kongwe zaidi: Paris–Brest–Paris

Mwaka 1891, Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal aliwaita Wafaransa waendeshe baiskeli kutoka Paris hadi mji wa bandari wa Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200. Zaidi ya watu 200 waliitikia. Charles Terront alifika wa kwanza baada ya saa 71 na dakika 22, bila kulala, juu ya tairi za upepo za Michelin ambazo wakati huo zilikuwa jambo geni kabisa.

Waendeshaji wa kulipwa walikimbia safari hii mara ya mwisho mwaka 1951. Wa ridhaa hawakuiacha. Kila baada ya miaka minne maelfu yao hutoka nchi mbalimbali kuja kuimaliza ndani ya saa 90. Hakuna zawadi ya mshindi wala jukwaa la watatu bora. Anayefika kabla ya saa kwisha ameshinda.

Kubwa kuliko zote: Cape Town

Mwaka 1977 waendeshaji wa Cape Town, Afrika Kusini, waliandamana kwa baiskeli kudai njia zao barabarani. Kutokana na madai hayo, mwaka uliofuata yalizaliwa mashindano yanayoitwa leo Cape Town Cycle Tour, kilomita 109 kuizunguka rasi. Yamekua hadi kuvuta watu wapatao 35,000, idadi inayoyafanya kuwa makubwa kuliko yote duniani ambayo kila mshiriki hupimwa muda wake binafsi.

Adui mkuu huko ni upepo wa kusini-mashariki. Mwaka 2017 ulivuma kwa nguvu hata watu wakaangushwa wakiwa wameshika baiskeli mkononi, na mashindano yakafutwa. Siku ya kawaida, kipimo cha mwisho ni mlima wa Suikerbossie, ambao mtu huukuta miguu ikiwa imeshachoka.

Miongoni mwa ndefu zaidi: kuvuka Marekani

Race Across America ilianza mwaka 1982 kwa wanaume wanne tu walioondoka pwani ya magharibi kuelekea New York. Urefu wake ni kama kilomita 4,800, na saa haisimami mtu anapolala. Hapo ndipo ulipo ugumu: kila dakika ya usingizi huongezwa kwenye muda wako. Mwaka 2014 Christoph Strasser wa Austria alivuka nchi nzima kwa siku 7, saa 15 na dakika 56. Aliyeitawala kabla yake, Jure Robič, alikuwa askari wa jeshi la Slovenia. Aliishinda mara tano. Mwaka 2010, miezi michache baada ya ushindi wa tano, alifariki alipogongana na gari akiwa mazoezini kwao.

Za juu kuliko zote: Leadville na Thorong La

Leadville, Colorado, ni mji wa machimbo uliopoteza ajira zake mgodi mkubwa ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ili kuuokoa, Ken Chlouber alianzisha mbio za miguu za maili 100, na mwaka 1994 zikafuata za baiskeli za mlimani. Mwanzo wenyewe uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha njia kinakaribia mita 3,800, yaani juu kidogo kuliko vibanda vya Horombo njiani kuelekea Kibo, Kilimanjaro. Anayemaliza chini ya saa 12 hupewa bizimu ya mkanda, nayo huvaliwa kwa fahari maisha yote. Dave Wiens alishinda miaka sita mfululizo, 2003 hadi 2008, na ule wa sita alimwacha nyuma Lance Armstrong.

Hata hivyo Nepal imeipita Leadville kwa mbali. Mbio za Yak Attack zilipita Thorong La, mita 5,416, juu kuliko kilele cha Mawenzi. Kwa kimo hicho hewa ni nyembamba mno, na sehemu kubwa ya theluji mtu huivuka akiwa amebeba baiskeli begani.

Mteremko mkali: Megavalanche

Tangu 1995, mamia ya waendeshaji wamekuwa wakikusanyika Pic Blanc, juu ya Alpe d'Huez nchini Ufaransa, mita 3,330. Kwa miaka mingi wameanza wote kwa pamoja juu ya barafu, kisha wakashuka zaidi ya mita 2,500 hadi kijiji kilicho bondeni. Anayebana breki mfululizo huzichosha mapema. Mjuzi huzibana kwa vipande, kabla ya kona.

Mshikamano mkubwa kuliko wote: Cape Epic

Mbio hizi za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 2004, huchukua siku nane na hukimbiwa wawili wawili. Wenza hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Mwenye nguvu akikimbia peke yake huadhibiwa pamoja na mwenzake. Karl Platt wa Ujerumani na Christoph Sauser wa Uswisi wameshinda mara tano kila mmoja, lakini wengi wa washiriki ni watu wa ridhaa, na kwao kanuni ya dakika mbili ndiyo somo kuu la wiki nzima.

Umri mkubwa kuliko wote: Robert Marchand

Utu uzima dawa. Mfaransa huyu, aliyezaliwa mwaka 1911, aliweka rekodi ya saa moja ya umri wake mwaka 2012 akiwa na miaka 100: kilomita 24.25. Miaka miwili baadaye hakupungua, aliongeza: kilomita 26.927. Mtafiti Véronique Billat alimpima na kukuta kwamba, kwa mazoezi, uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda baada ya miaka 100. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, alifunga kilomita 22.547.

Karibu kuliko zote: za kwetu

Nanyuki kuna 10to4, mbio za hisani za shirika la Mount Kenya Trust. Jina lake latokana na njia inayoshuka kutoka futi 10,000 za Mlima Kenya hadi 4,000. Maasai Mara kuna Migration Gravel Race, ya siku nne za vumbi na mawe, iliyoanza 2021. Mmoja wa walioisukuma ndoto hiyo, Suleiman Kangangi wa Kenya, alifariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, mwaka 2022, na timu yake ya Amani inaendelea.

Rwanda imefika mbali zaidi. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey aliandaa mashindano yaliyohusisha hata baiskeli za mbao. Katika vuguvugu hilo alijitokeza Adrien Niyonshuti, ambaye mwaka 2012 alishiriki Olimpiki ya London kwa baiskeli ya mlimani. Mwaka 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Njia ya Rwanda ilianza kwa kuwaruhusu wenye baiskeli za kawaida kushindana. Hilo linawezekana Mwanza, Shinyanga, Kisumu na kila mji ambao watu huenda kazini kwa baiskeli. Kinachohitajika ni barabara iliyofungwa kwa asubuhi moja, gari la wagonjwa, helmeti kichwani, watu wa kupima muda, na kundi maalumu la baiskeli zisizo na gia ili mbeba mkaa na muuza maziwa washindane kwa haki. Maofisa michezo, vilabu na wafadhili, tupeni mashindano hayo. Nawe msomaji, kama baiskeli ipo nyumbani, jaza upepo, kaza cheni, uwe tayari kuandika jina lako.