Ndege wa Mida

Ninyi mkaao kando ya Ziwa Tanganyika mmezoea maji yasiyohama: asubuhi yapo, na jioni yapo. Katika hori ya Mida, pwani ya Kenya, kusini ya Malindi, sivyo. Mara mbili kwa siku bahari hupwa, na mahali palipopita mitumbwi pakabaki tope tupu linalong'aa. Kisha maji hujaa tena.

Atakaye kuwaona ndege wa Mida na aende maji yanapoanza kupwa. Atembee polepole, akae kimya. Kwanza hataona kitu ila mikoko, na mizizi yake iliyosimama juu ya tope. Halafu tope lenyewe litakuwa kama linatembea: ndio vitwitwi, makundi kwa makundi, wakidona vijidudu. Baadhi ya ndege hao wadogo walianguliwa Siberia, katika nchi za baridi kali. Huja Mida kutafuta chakula na joto, na yapata mwezi wa Aprili hurudi kwao.

Lakini mgeni wa heshima ni ndege mla kaa. Ni mweupe, mgongo wake mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene kama nyundo. Huzaa katika pwani za Uarabuni na Ghuba. Huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda akiisha kukua, huvuka bahari pamoja na wakubwa. Na hapo Mida, miezi mingi baada ya kutoka shimoni, bado humfuata mzazi wake akilia, naye mzazi humpa kaa. Maana kumkamata kaa ni kazi ya kujifunza, na mzazi hamwachi mtoto kabla hajaijua.

Enyi wazazi, je, hamwoni hapo mfano wenu? Nao wazazi wa vijiji vya Mida wana taabu moja na ninyi: malipo ya masomo. Mikoko ni boriti nzuri. Tangu zamani majahazi yaliipeleka hata Uarabuni. Baba asiye na fedha hushika shoka. Lakini mikoko ikiisha, samaki wachanga hukosa maficho, kaa hupungua, na wavu wa mvuvi hurudi mtupu. Amelipia mwaka mmoja wa mtoto kwa chakula cha miaka mingi.

Kwa hiyo, tangu mwaka 2001, chama cha Wakristu kiitwacho A Rocha kimefuata njia nyingine. Kilitengeneza njia ya mbao na kamba ipitayo katikati ya mikoko. Wageni hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia watoto wa jirani kusoma masomo ya sekondari. Hivyo mti uliosimama humsomesha mtoto, wala haufi.

Nasi Kongo tunayo mikoko, huko Muanda, Mto Kongo unapoingia baharini. Imelindwa na sheria tangu mwaka 1992. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Bwana wetu alituagiza tuwatazame ndege wa angani. Tuwatazame basi, tukiwa na watoto wetu mkononi, na tuwaachie mahali pa kutua.