Selimundu na Kiinitete cha Siku Tano
Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki, kuwa jeni moja ya selimundu humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana haikutoweka penye mbu wengi, kama mwambao wa Mbamba Bay. Lakini wenye jeni hiyo wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa.

Je, ugonjwa waweza kutambuliwa kabla ya mimba? Waweza. Yai lililotungishwa nje ya mwili hulelewa siku 5. Mtaalamu hutoboa ganda lake kwa leza, akachukua chembe hai 5 hivi za upande utakaokuwa kondo la nyuma, asiguse utakaokuwa mtoto. Kiinitete hugandishwa hadi majibu yatoke. Gharama yake ni kubwa mno kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga. Kwake kilicho karibu ni kipimo cha damu kabla ya ndoa.