Tansio ya Mama, Tansio ya Umeme: Kwa Nini Mboga Inalegea mu Friteze



Mwezi wa sita yaya yangu anayefanya kazi Kolwezi alituletea friteze ya bila mafuta hapa Katuba. Aliinunua kwa wafanyabiashara wanaopitisha mali Kasumbalesa. Sababu ilikuwa moja tu: tansio ya Mama. Munganga alimwambia apunguze chumvi, apunguze na mafuta. Mama akatujibu: "Mboga ya kuchemsha tu, njo ya bagonjwa. Mi siko mugonjwa." Anachopenda yeye ni mabilinganya ya kukaanga, yenye kulia kwenye meno.

Siku ya kwanza nilipika saa moja ya jioni. Karoti, mabilinganya, shu kidogo, nikajaza kikapu, nikaweka 200, dakika 15. Nilipofungua, mboga ilikuwa imelegea na maji yanachuruzika. Nikaongeza dakika 10. Ikawa ngumu kama ngozi ya kiatu, lakini kukauka hapana. Mama akaangalia, akasema: "Njo hii masini ya madola yote ile? Ata sufuria yangu inafanya muzuri kuliko." Akarudi ku mafuta yake.

Siku ya pili, vile vile. Halafu siku ya Mungu, saa nne ya asubuhi, nikajaribu tena. Mboga ile ile, dakika zile zile. Zikatoka kavu, rangi ya dhahabu, zinalia. Masini ni ile ile, basi nini ilibadilika? Tusome pamoja, maana jibu lake ni fizike ya sekondari.

Masini yenyewe inafanya nini

Jina linatudanganya. Friteze hii haikaangi. Ni furu ndogo: juu kuna waya unaopata moto, na feni inayosukuma hewa ya moto kwa nguvu kuzunguka kikapu. Philips waliionyesha ya kwao Berlin mwaka 2010, na tangu pale viwanda vingi vikafuata.

Sasa, mboga ni maji mengi. Karoti ina maji karibu asilimia 88, mabilinganya yanapita 90. Maadamu juu ya kipande kuna maji, pale juu moto haupandi kupita moto wa maji yanayochemka. Na sisi wa Lubumbashi, tunaokaa karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yetu yanachemka ku digri 96 hivi, hayafiki 100. Lakini ile rangi ya dhahabu na harufu nzuri inaanza karibu na digri 140. Ni kazi ya sukari na protini kukutana kwenye moto. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912.

Kwa hiyo kupika mboga ya kulia ni mashindano. Ngozi ya nje ikauke mbio, mbele ya ndani kulegea. Feni inasaidia kubeba mvuke, sawa vile nguo zinavyokauka upesi siku ya upepo. Moto ukiwa mdogo, maji ya ndani yanatoka polepole na kulowesha nje kila mara. Hapo hupiki friteze tena, unapika mvuke.

Hesabu ya saa moja ya jioni

Kijana mmoja wa jirani ni fundi wa umeme. Alileta kipimo chake. Saa moja ya jioni, ku prize yetu: volti 160. Siku ya Mungu asubuhi: volti 215. Masini imeandikwa wati 1,500 kwa volti 220.

Watu wengi wanafikiri umeme ukipungua robo, moto nao unapungua robo. Haina vile. Waya wa moto unafuata mraba wa volti. Gawa 160 kwa 220, unapata 0.73. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata 0.53. Yaani wati 1,500 zimekuwa karibu 790. Nusu! Kitufe kinasema 200, lakini kikapu kilichojaa mboga mbichi hakifiki pale.

Na ju ya nini jioni? Ju kabine moja inabeba avenyu mingi, na saa ile kila nyumba imewasha resho ya bukari. Tunakaa mu eneo ambalo mabwawa yake yalijengwa kwa ajili ya shaba: Mwadingusha ku Lufira mwaka 1930, Nseke ku Lualaba mwaka 1956, halafu waya wa Inga–Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, mwaka 1982. Shaba njo iliitwa ya kwanza ku meza. Sisi tunapiga hesabu na kinachobaki.

Basi tufanye nini

1. Chagua saa. Asubuhi kati, au usiku wakisha kulala. Kama ni lazima jioni, weka nusu ya mboga: moto nusu, mzigo nusu. Usiongeze dakika tu, utapata ngozi ya kiatu kama mimi.

2. Kausha mboga. Ukisha kuosha, panguza na kitambaa safi. Tone la maji unaloacha, masini italilipa kwa moto.

3. Kata sawasawa, unene wa kidole kidogo. Karoti, viazi tamu, boga, mabilinganya, gombo zima lisilokatwa: hizi zote zinakubali.

4. Mafuta kijiko kimoja kwa kikapu, pakaza na mikono. Bila mafuta kabisa mboga inakauka kama karatasi. Mafuta kidogo njo yanabeba moto hadi ku ngozi.

5. Panga safu moja, hewa ipite. Katikati ya kupika, tikisa. Umeme ukiwa mzuri, digri 190 hadi 200, dakika 12 hadi 18 zinatosha. Viazi toa vikiwa dhahabu, usingoje viwe vyeusi.

Majani usiweke. Lengalenga inapeperuka na feni na kuungua ku waya. Sombe ndio hapana kabisa: ina sumu ya asili mpaka itwangwe na kuchemshwa muda mrefu.

Utamu bila chumvi mingi

Kwa tansio, ile kibe ya kuvunja mu mboga ni adui, maana sehemu kubwa yake ni chumvi. Sisi tunatumia pilipili, tangawizi ya kusaga na vitunguu saumu. Saumu mbichi itie dakika tatu za mwisho, mapema inaungua na kuwa chungu. Chumvi, ile kidogo inayoruhusiwa, nyunyiza wakati wa kutoa, ju chumvi inavuta maji nje. Halafu kamulia ndimu: ulimi ukipata ukali wa ndimu, hauulizi sana chumvi.

Siri ya Mama mwenyewe: twanga kalanga, changanya na unga wa mahindi wa bukari kijiko kimoja, viringisha mabilinganya yaliyopakwa mafuta. Ganda linalia mpaka jirani anasikia.

Ralonji inaua

Hapa sicheki. Wati 1,500 kwa volti 220 ni karibu ampea 7. Resho ya wati 2,000 ni ampea 9. Ukizitia zote mbili ku ralonji moja nyembamba ya sokoni, waya unapita ampea 15, unapata moto ndani ya plastiki, chini ya zulia, na wewe hujui. Kwetu prize ilianza kunuka siku ya tatu; tulichomoa, ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Friteze ikae peke yake ku prize ya ukuta. Gusa waya kisha dakika tano: ukiwa moto, simamisha. Na delestaji ikikata, chomoa mbio, ju umeme ukirudi unaweza kuruka juu na kuua masini.

Na wasio na masini?

Jamani, kitu ni hewa kavu ya moto, si jina la masini. Chukua sufuria nzito, tia mawe madogo au mchanga chini, juu yake sahani ya chuma yenye mboga. Weka ku mbabula, funika, halafu panga makala ya moto juu ya kifuniko, sawa vile bamama wanapika keki. Acha upenyo mdogo mvuke utoke. Dakika 25 hadi 30. Tumia makala yaliyobaki kisha bukari, maana kila gunia ni miti ya miombo inayozidi kutuhama mbali.

Tansio ya Mama haikushuka kwa muujiza. Dawa anameza kila asubuhi, na kipimo tunaenda naye. Lakini chupa ya mafuta iliyokuwa inaisha kwa juma moja sasa inapita mwezi, na bagonjwa ba nyumba hii banakula mabilinganya.

Jana saa kumi na moja ya alfajiri nilisikia kelele ya feni jikoni. Nikatoka. Mama alikuwa amesimama pale na kitambaa begani. "Lala," akasema. "Iko volti mingi saa hii."